Kikapu cha Mpunga Mbele ya Mkaguzi

Nianze kwa kukubali, maana hata nisipokubali mtasema nyie: ndiyo, ni mimi yule mwalimu wa darasa la kwanza aliyempiga mkaguzi wa shule kwa bonge la udongo mchana kweupe, mbele ya watoto, mbele ya mwalimu mkuu na mbele ya mke wa mwalimu mkuu, na aibu ile ninayo mpaka leo, siwezi kuikana. Lakini aibu ni kitu kimoja na kosa ni kitu kingine, na hapo ndipo mimi na watu wa Ifakara tunapopishana, kwa sababu kila anayeusimulia mkasa huu (na wanaousimulia ni wengi, wengine siku hiyo walikuwa hawajazaliwa) anausimulia kana kwamba niliamka asubuhi nikiwa na nia ya kumpiga mtu. Leo nitausimulia mwenyewe, na ninaomba nisikatizwe.

Ilikuwa miaka ya hamsini, Mwingereza bado yupo, na mimi nilikuwa msichana mbichi kutoka chuo cha ualimu, nafundisha kwenye shule moja ya misheni pembeni ya Ifakara, njia ya kwenda kivukoni. Kijiji sikitaji, wenyewe wanajijua. Nilikuwa kwenye mwaka wa kujaribiwa. Siku hizo ulikuwa hupati cheti chako cha ualimu mpaka mkaguzi aje, akutazame unafundisha, kisha aseme huyu anafaa au huyu arudi kwao.

Sasa kwetu mimi ni Lupiro, ng'ambo ya mto, na kurudi kwetu maana yake ilikuwa moja tu, kurudi dunguni. Kama kuna asiyejua dungu (siku hizi mpo mnaokula wali bila kujua ulikotoka), ni ule ulingo wa miti unaojengwa katikati ya shamba la mpunga, unapanda juu, unakaa huko tangu alfajiri, na kazi yako ni kuamia ndege. Mpunga ukishatoa masuke wanakuja kwelea kwelea, hao wadogo wenye midomo myekundu, wanakuja wengi mpaka jua linafifia, na wakitua shambani kwako wakakuta umelala, mwaka huo familia yako itakula mihogo ya majirani. Kwa hiyo unapiga kelele. Unawatukana pia, maana ndege asipotukanwa haondoki, ndivyo tulivyofundishwa. Na unawarushia udongo: unachukua ufito mbichi, unabandika bonge la udongo nchani, unauchapa hewani na bonge linaruka kwa kasi mpaka huko waliko. Mtoto wa bondeni kwetu anajua kurusha ufito kabla hajajua kujifunga nguo yake vizuri, na mimi, bila kujisifu, nilikuwa napiga ndege akiwa angani.

Na nilikuwa naichukia kazi ile kwa moyo wote. Jua lote lako, mvua yote yako, jioni unashuka huna sauti. Baba aliposema nitakwenda shule, shangazi yangu Agata, dada yake baba, mwanamke ambaye hakuwahi kuwa na neno akalimeza, alisema mbele ya ukoo mzima, "Msomeshe tu, kaka. Atarudi dunguni kama wenzake, ila huyu atarudi akiwa amechelewa." Baba akamjibu kwamba Leokadia hataamia ndege tena maishani mwake. Alilisema hilo mbele ya watu, baba yangu, mtu asiyependa kusema mbele ya watu, na tangu siku hiyo cheti kile kilikuwa cha kwake kama kilivyokuwa changu. Hilo mlishike, maana ndilo nililokuwa nalo kichwani asubuhi ile mkaguzi alipokuja.

Tulikuwa tunafundisha Maarifa ya Viumbe. Darasa la kwanza wanajifunza vitu vidogo vidogo: kipi kina uhai na kipi hakina, mmea unahitaji nini ili uote, kitu gani kinaelea na kipi kinazama, mvua inatoka wapi. Nilikuwa nalipenda somo lile kuliko yote, kwa sababu watoto walikuwa hawaniachi nipumue. Nikiwaambia jiwe halina uhai kwa kuwa halili wala halikui, Kaspari mtoto wa mvuvi anasimama kuuliza, "Na moto je, mwalimu? Moto unakula, tena unakua," na mimi nairudisha chaki mezani. Walikuwa watoto wazuri. Kwa mambo yote yaliyotokea sijawahi kuwalaumu wale watoto hata siku moja, ninao wengine wa kuwalaumu.

Wa kwanza ni aliyeandika kitabu cha mwongozo. Tulipewa kitabu cha kufundishia, na kitabu kile kiliandikwa na mtu ambaye nina hakika hajawahi kukanyaga bonde la Kilombero, huko kwao ndege nadhani wanafugwa kwenye vizimba na kupewa majina. Somo la ndege lilisema hivi: mwalimu amwage nafaka kidogo uwanjani, watoto wakae kimya, watazame jinsi ndege wanavyokula. Wakae kimya. Watoto wa Kilombero, mpunga uko kwenye masuke, wakae kimya watazame ndege wanavyokula. Ningekuwa na akili ya leo kitabu kile ningekiweka jikoni kiwashie moto, lakini nilikuwa na akili ya chuoni, na chuoni tuliambiwa tufuate kitabu.

Tena angalieni jinsi mambo yalivyojipanga, halafu mniambie kama mtu angeweza kuyapanga kwa makusudi. Msimu ule watoto walikuwa wanatoka dunguni alfajiri na kuja shule moja kwa moja, miguu ina tope mpaka magotini, na kila mmoja anakuja na ufito wake kwa sababu mchana anarudi nao shambani. Mimi mwenyewe ndiye niliyekataza fito zisiingie darasani. Nikaagiza ziegemezwe ukutani nje, chini ya upenu wa paa, zimepangwa vizuri, na nilijisikia mwalimu mwenye nidhamu kweli. Wiki ile ile tulikuwa tumemaliza somo la udongo. Kitabu kilitaka mtoto agundue mwenyewe kwamba udongo wa mfinyanzi unafinyangika na mchanga haufinyangiki, kwa hiyo watoto walikuwa wamefinyanga mabonge, mabonge mazuri ya mviringo, na nikayapanga juu ya majani ya migomba pale pale nje ukutani, nikayamwagia maji yasikauke, ili Bwana Mkaguzi ayaone. Fito hapa, mabonge hapa. Na sikuona chochote. Niliona usafi tu.

Bwana Mkaguzi akaja. Alikuwa mtu mkubwa wa umbo, kwao ni huko nchi za juu wanakolima kahawa na migomba, kwa hiyo hakuwahi kulala na njaa kwa sababu ya ndege. Amevaa chepeo kichwani, shati jeupe limepigwa pasi mpaka linasimama lenyewe, kaptura, na soksi za kupanda magotini. Mwalimu mkuu wetu, Mwalimu Gervasi (wa pili katika wale ninaowalaumu, nitamfikia), alikuwa anatembea nyuma yake akiitikia kila neno kabla halijaisha.

Watoto wakasimama, wakasalimia kwa pamoja, "Shikamoo, Bwana Mkaguzi," akaitikia marahaba, tukatoka nje. Udongo ulikwenda vizuri ajabu. Kila mtoto aliyeulizwa alijibu, mchanga unapitisha maji haraka, mfinyanzi unayashika, na Kaspari akaeleza kwa nini mpunga unaupenda mfinyanzi mpaka Bwana Mkaguzi akatikisa kichwa kwa kuridhika na kusema, "Hawa wamefundishwa." Niliyasikia maneno hayo kwa masikio yangu. Kama mtu yule angepanda gari lake wakati huo akaenda zake, leo mngekuwa mnaniita Mwalimu Leokadia kama watu wenye adabu.

Lakini akasema, "Haya, mwalimu, na ndege."

Nikamwaga konzi moja ya mpunga katikati ya uwanja, nikawaketisha watoto chini kwa mstari, mgongo kwa ukuta, nikaweka kidole mdomoni. Tukangoja. Hakuna ndege. Hawa ndege wanaokuja bila kuitwa msimu mzima, siku uliyowaita hawaji. Akaja kuku wa Mama Gervasi, mke wa mwalimu mkuu, akala mpunga wote peke yake huku akitutazama.

"Kuku naye ni ndege," akasema Bwana Mkaguzi, "lakini nadhani kitabu kinakusudia wa porini."

Watoto wakacheka kidogo, na mimi nikaona cheti changu kinatembea kinaondoka na yule kuku. Hapo sasa ndipo nilipofanya lile jambo dogo, na ni dogo kweli, mtu yeyote angelifanya. Pembeni, mbele ya nyumba ya mwalimu mkuu, Mama Gervasi alikuwa ameanika mpunga wake wa kwanza juu ya jamvi, na mwenyewe amekwenda kisimani. Nikamsogelea Mwalimu Gervasi nikamnong'oneza, mwalimu, naomba mpunga kidogo pale. Akasema, "Chukua, chukua, usituaibishe." Baadaye alikana. Alikana kabisa, alisema hajui mpunga wake ulifikaje uwanjani, na mimi namwambia popote alipo kwamba alisema chukua mara mbili.

Nikajaza kikapu. Nikakimwaga chote uwanjani, kwa sababu konzi ilikuwa imeshindwa, na Bwana Mkaguzi akasogeza kiti chake karibu kabisa na mpunga. Anataka kuona midomo, alisema, maana umbo la mdomo linaonyesha chakula cha ndege. Ni kweli, limeandikwa kitabuni. Lakini kiti kile kilikuwa sasa kati ya watoto na mpunga, na hilo nalo si mimi niliyelifanya.

Akatua mmoja. Kisha wawili, watatu. Watoto kimya. Nikaanza kufundisha kwa sauti ya chini, tazameni mdomo wake mfupi, mnene, ni wa kupasulia mbegu, na Bwana Mkaguzi anatikisa kichwa, na roho yangu inarudi mahali pake. Mwanzoni mwa mstari alikuwa ameketi Bibiana, mtoto mdogo kuliko wote, wa familia ya Kipogoro kutoka Kiberege, na nikamwona amenyosha shingo kuutazama mpunga.

"Mwalimu," akasema, "wanakula."

"Ndiyo, Bibiana, wanakula. Sisi tunatazama."

"Lakini mwalimu, ni mpunga."

"Nimesema tunatazama."

"Mpunga wa nani?"

"Wa Mama Gervasi."

Akafikiri. "Mama Gervasi anajua?"

Bwana Mkaguzi akacheka, akasema mwache aulize, mtoto anayeuliza anajifunza. Nikacheka na mimi. Lakini mstari mzima wa watoto ulikuwa umeacha kunitazama mimi, unatazama chini uwanjani, wapo walioanza kupumua kwa nguvu, na mimi pia (hili niliseme wazi) nilikuwa nahesabu kila punje mdomo mwekundu ulipoiokota.

Halafu wakaja wote. Ile sauti mnaijua, ule mvumo wa mabawa kabla hujawaona, na kivuli kinapita juu ya paa la shule, na uwanja mzima ukageuka kuwa ndege, huoni mpunga, huoni ardhi, mwingine amekosa nafasi akatua juu ya chepeo la Bwana Mkaguzi.

Hapa ndipo penye ugomvi. Mwalimu Gervasi siku zote alisema niliyepiga kelele ya kwanza ni mimi. Si kweli. Kelele zilitoka mahali pamoja kwa wakati mmoja, na sauti yangu ikiwa kubwa kuliko za wengine ni kwa sababu nilikuwa mtu mzima na wao watoto, huo ndio ukweli wa jambo. Ninachokumbuka ni kwamba darasa la kwanza lote lilikuwa limesimama, kila mmoja ufito mkononi (nani aliyewaambia wazifuate, sijui, mimi sikuwaambia), mabonge ya mfinyanzi yanatoka kwenye majani ya migomba na kubandikwa nchani, na hewa yote juu ya uwanja imejaa udongo na ndege na matusi. Watoto wa misheni, waliokuwa wamesali asubuhi. Kaspari alikuwa anamwambia ndege maneno ambayo hata wavuvi wanayasema wakiwa katikati ya mto tu.

Mama Gervasi akatokea na ndoo yake ya maji. Akaona mpunga wake. Ndoo akaitupa, akachukua ungo akaanza kuupiga kwa kiganja na kukimbia ndani ya wale ndege akilia kwa sauti ya msibani. Na Mwalimu Gervasi, sikilizeni sana hapa, Mwalimu Gervasi, mkuu wa shule, mtu aliyekuwa anaitikia kabla neno halijaisha, alivua kiatu chake akakirusha. Nilimwona. Kiatu cheusi cha kamba. Kiliangukia mpungani, akavua cha pili.

Na mimi nilikuwa na ufito mkononi. Ulifikaje siwezi kusema, ni mkono wenyewe ulioupokea, labda ni Bibiana aliyenipa. Nikamwona yule ndege juu ya chepeo, ametulia, hajali, amefanya kofia ya Bwana Mkaguzi kuwa nyumba yake, na mkono ukafanya kazi uliyoizoea tangu utotoni. Lilikuwa bonge zuri, lilikuwa limelowa vizuri. Nililenga ndege na ndege nilimpata, naomba hilo pia lisimuliwe, lakini bonge liliendelea na safari yake, likachukua chepeo, na yale mengine ya watoto yaliyokuwa yanafuata yakamkuta Bwana Mkaguzi kichwa wazi. Na mimi bado nilikuwa napiga kelele, kelele ile ile aliyonifundisha bibi yangu ya kuwafukuzia, "Nenda kale kwa mama yako, tumbo lako halijai, mwizi wee," na Bwana Mkaguzi, ambaye kama nilivyosema alikuwa mtu mkubwa wa umbo, aligeuka akanitazama akidhani anaambiwa yeye.

Ndege wakaondoka. Wakaondoka wote kwa pamoja na kukawa kimya kabisa, kimya kile kile kilichotakiwa na kitabu. Bwana Mkaguzi ameketi kitini, shati lake lina mfinyanzi begani na kifuani, usoni ametapakaa mpaka masikioni. Watoto wamesimama wanahema, wamefurahi, Bibiana anatabasamu maana mpunga umeokoka. Bwana Mkaguzi akatoa leso, akajifuta jicho moja, kisha la pili.

"Mwalimu," akasema, "somo limekwisha?"

Nikasema limekwisha.

Nilikaa darasani peke yangu mchana ule, sijala, sijanywa, nawaza nitamwambia baba nini. Baba hakuwa mtu wa kugomba, angeninyamazia tu na kwenda kutafuta miti ya kujenga dungu jipya, na shangazi Agata angekuja kushika nguzo. Huku nje watoto walikuwa wanaokota mpunga punje kwa punje kumrudishia Mama Gervasi, wanaimba.

Bwana Mkaguzi alioga kwa Mwalimu Gervasi, akafuliwa shati, akakaribishwa chakula. Alikula wali na samaki, na Mama Gervasi mwenyewe alinihakikishia kwamba aliongeza sahani. Nilipolisikia hilo nilitaka kuingia nimuulize, bwana mkubwa, wali huo unaokula ulifikaje sahanini, unadhani mpunga ulijilinda wenyewe. Sikuingia. Nikaitwa.

Alikuwa amekaa na fulana ya mwalimu mkuu iliyokuwa ndogo kwake. Akasema watoto wangu wanaujua udongo, wanajua mbegu, wanajibu bila woga, na ualimu ninao. Nikaanza kupumua. "Lakini," akasema, na Mwalimu Gervasi akatikisa kichwa kabla hajaendelea, "utulivu wa darasa haupo. Na mkuu wako ameniambia kwamba shamba la shule linaliwa na ndege, hakuna wa kuliamia." Mkuu wangu. Mtu ambaye viatu vyake bado vilikuwa na tope. "Kwa hiyo tumeona hivi. Kuanzia kesho darasa lako litasomea viumbe shambani, na wewe utakuwa nao, mpaka mavuno. Mpunga ukiingia ghalani salama, cheti chako utakipata."

Nikauliza nitakaa wapi huko shambani.

"Lipo dungu," akasema Mwalimu Gervasi.

Sikulala kwa hasira, nawaambia ukweli. Ningeambiwa nimefukuzwa ningelia yakaisha, lakini kupewa cheti kwa kurudishwa kwenye jambo lile lile nililotafuta cheti ili nilikimbie, hilo mpaka leo sijalisamehe. Asubuhi nikavaa gauni langu la kufundishia, viatu mkononi, nikapanda dunguni, na darasa la kwanza wakakaa chini yangu na fito zao. Na nilifundisha. Msifikiri niliacha kufundisha. Nilifundisha mizizi na shina na suke tukiwa tumeyashika, nilifundisha jua na kivuli kwa kivuli cha lile dungu lenyewe, nilifundisha chura anakua vipi kwa kuwatazama viluwiluwi majini. Ila kila nilipofika katikati ya sentensi walikuja wale, na mimi na darasa zima tukasimama tukafanya kazi yetu. Katika bonde zima hapakuwa na shamba lililolindwa kama lile.

Shamba la shule lilikuwa kando ya njia ya kivukoni, na hilo nalo lazima litokee kwa mtu kama mimi. Siku moja, niko juu, ufito mkononi, sauti imekauka, gauni limerukiwa na tope, namwona mwanamke anatoka upande wa mto na kapu la kambale wakavu kichwani, anawapeleka sokoni Ifakara. Kabla hajafika karibu nilishamjua kwa mwendo. Nikafikiri kushuka. Nikafikiri kulala kifudifudi juu ya ulingo. Lakini watoto walikuwa wananitazama.

Akasimama njiani. Akainua shingo taratibu kwa sababu ya kapu.

"Leokadia," akasema.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba." Akautazama ulingo, akaitazama miguu yangu, akawatazama watoto waliopanga mabonge yao kwa mstari kama nilivyowafundisha. "Ndio ualimu wenyewe huu?"

Nikasema, "Tunajifunza ndege, shangazi."

Alifungua mdomo akaufunga, yule mwanamke ambaye hakuwahi kumeza neno, na nadhani ndiyo siku pekee alilimeza. Akasema, "Haya. Upande ule wa kichakani wanashuka, hamjawaona," akageuka na kapu lake akaenda zake sokoni. Na kweli walikuwa wameshashuka.

Alimwambia baba, bila shaka alimwambia, alimwambia kabla hajatua hata kapu. Nilipokwenda nyumbani baada ya mavuno, cheti nimekifunga kwenye kitambaa, niliingia nikiwa nimejiandaa kujitetea kuanzia kitabu mpaka kiatu cha mwalimu mkuu. Baba akanisikiliza mwanzo mpaka mwisho. Akakichukua cheti, akakitazama mbele na nyuma (alikuwa hajui kusoma), akauliza swali moja tu, mpunga wa shule ulipona? Nikasema ulipona wote. Akakitundika ukutani, akaenda kulisha kuku.

Kwa hiyo nyie mnaoniita Mwalimu Dungu, na nyie wanafunzi wangu wa zamani, wazee wazima sasa wenye wajukuu, mnaonikuta sokoni na badala ya shikamoo mnanipigia ile kelele ya ndege mbele ya watu, mimi nawaambia aibu yangu haitoshi kunifanya nione nilikosea. Nilifundisha miaka mingi baada ya hapo. Nilifundisha mvua, na mwezi, na kwa nini mtumbwi hauzami, na hakuna anayenikumbuka kwa hata kimoja kati ya hivyo. Ila sikumwaga tena punje ya mpunga mbele ya mtoto wa bonde hili, na sitamwaga. Somo la ndege likifika nilichora ubaoni, ndege mmoja tu, tena nilimchora amekaa juu ya jiwe, na karibu yake sikuchora shamba.